Friza la Pazi

Friza lilikuwa refu kuliko mwenye nyumba, jeupe, na lilikaa ukumbini kwa Bi Mwasiti pale Ujiji kama mgeni aliyekuja kusalimia akahamia. Linaguruma, linanyamaza, linaguruma tena. Waliolikuta mara ya kwanza walikuwa wakishusha sauti na kuuliza nani amefariki. Bi Mwasiti aliwajibu kwamba bado anachagua.

Lilikuwa la mumewe, Pazi, mchuuzi wa migebuka. Siku moja Pazi alipanda boti kwenda kaskazini kufuata samaki. Boti ikarudi, kofia yake ikarudi, Pazi hakurudi. Ziwa halikumtoa siku hiyo wala baadaye. Watu wakamwambia Bi Mwasiti akae eda, naye akasema hakai eda ya mtu ambaye hajamwona amelala. Kitu kimoja tu alikiacha, nacho ni nazi. Pazi, ambaye ukoo wake ulitoka pwani na misafara ya zamani, alikuwa hali samaki bila tui. Tangu boti ile irudi bila yeye, tui halikuingia tena kinywani mwa mjane wake. Friza aliliweka la kuuzia barafu, na chumba cha uani alimpangisha mwanafunzi.

Mwanafunzi huyo ni Yunisi, binti wa Leonardi wa Kalinzi, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Wenzake walikula chipsi kantini. Yeye alikuwa na akili nyingine. Kila Jumamosi aliazima sufuria kubwa, akapika mara moja chakula cha wiki nzima: maharage na ndizi, makande, kisamvu cha karanga. Kikipoa anakipakia kwenye makopo ya siagi, anafunika, anapanga ndani ya friza chini ya barafu za Bi Mwasiti. Asubuhi anatoa kopo moja, linayeyuka akiwa darasani, jioni analipasha kwa makaa yanayotosha kiganja. Mkaa unabaki, muda wa kusoma unabaki.

Bi Mwasiti alikaa kwenye kigoda akitazama upangaji huo kama anatazama mazishi.

"Kwa hiyo Alhamisi utakula maharage yaliyokufa Jumamosi."

"Hayajafa, Bibi. Yamelala."

"Hata marehemu tunasema amelala, mwanangu."

Mwaka huo, elfu mbili na kumi na tano, Warundi walikuwa wanavuka kwa maelfu. Meli iliwatoa Kagunga mpakani na kuwashusha Kigoma, uwanja wa mpira ukajaa, mabasi yakawa yanawapeleka kambini usiku na mchana. Kipindupindu kiliwafuata kutoka huko. Sokoni bei ya maharage ilipanda hadi wauzaji wenyewe wakaona haya kuitaja. Leonardi alishuka kutoka Kalinzi na gunia moja na mikungu ya ndizi, akavitua mlangoni, akamwambia binti yake kwa Kiha kwamba hiki ndicho kilichopo. Kikiisha kabla ya mtihani, asikope, asiombe. Apande gari arudi, kahawa inahitaji mikono.

Yunisi aliyasoma macho ya baba yake na akaelewa. Chakula kile ndicho kingemfikisha mtihanini, au kingemrudisha kuchuma kahawa.

*

Lilianza na kopo la makande. Asubuhi alisahau kulitoa, akalitoa jioni, zito kama kawaida. Akawasha makaa, akafungua mfuniko. Ndani hamkuwa na punje hata moja ya mahindi. Kulikuwa na barafu, nyeupe pembeni, angavu katikati kama jicho la samaki. Akafikiri amechanganya na makopo ya biashara, lakini Bi Mwasiti alikuwa akigandisha barafu zake kwenye mifuko ya nailoni, si kwenye makopo. Akaacha ikayeyuka. Chini kabisa pakabaki mchanga mwembamba wa rangi ya kijivu, ule wa ufukweni.

Usiku ule alikunywa uji akalala. Siku chache baadaye likawa hivyo tena, safari hii maharage. Halafu kisamvu. Kila kopo lilikuwa mahali pake, limefunikwa vizuri, uzito ule ule, na ndani yake ziwa lililoganda.

Jirani yao, Asia, mwanamke mwenye masikio yanayofika kabla yake, ndiye aliyeona nyayo. Alikuja mchana na sahani ya vitumbua vya futari akakuta saruji ya ukumbini ina alama za miguu mibichi, zimetoka mlango wa uani, zimefika kwenye friza, zimerudi. Zilikuwa zinakauka huku anazitazama, kidole kimoja kimoja. Nyumba nzima ilikuwa kimya, jua la saa saba limesimama uani. Asia akasema hilo ni jini la ziwani, aitwe mtu wa kusoma kisomo, na pia aitwe mtendaji, maana siku hizi hata majini yanaweza kuwa yamevuka kutoka Burundi.

Bi Mwasiti alizitazama nyayo muda mrefu. Kisha akasema kwa utulivu kwamba huu ni mwezi mtukufu, na mashetani wote wamefungwa minyororo, kwa hiyo jini haliwezi kuwa.

"Ni Pazi," akasema. "Huoni zilivyo ndogo? Alikuwa na miguu ya kike, nilikuwa namwazima kandambili zangu."

"Pazi anakula mchana wa Ramadhani?" Asia akauliza.

"Msafiri ameruhusiwa."

Asia aliondoka haraka, hata sahani yake akaisahau. Yunisi aliporudi kutoka chuoni aliambiwa aipeleke, akaiosha, akaipeleka. Bi Mwasiti alimkemea hadi mapafu yakamuuma. Sahani ya watu inarudije uso mtupu? Huko Kalinzi hamfundishwi? Hapa Ujiji chombo kilicholetwa na chakula kinarudi na kitu, hata chumvi, hata ndimu moja. Yunisi akatubu, akarudi kwa Asia na ndizi.

Aliporejea akamkuta bibi ametulia, macho yako mbali. Akamhadithia kwamba zamani, kabla ya posa, mama yake alipeleka bakuli la futari nyumbani kwa kina Pazi. Siku hiyo kwao hakukuwa na kitu, hata chumvi. Kijana akashuka ziwani, akalijaza bakuli maji, akalirudisha amelishika kwa mikono miwili bila kumwaga tone.

"Ndugu zangu walicheka wakagaragara. Mimi nilijua siku hiyo hiyo nimeolewa."

Yunisi alitazama friza. Friza likaanza kuguruma.

*

Kuanzia hapo Bi Mwasiti akawa mtu mwingine. Akatoa kanga za sanduku. Akapaka wanja. Akipita karibu na friza analigonga kwa kucha na kusema hodi. Akaagiza nazi kwa wafanyabiashara wa treni, kitu ambacho mtaa haukuwahi kumwona akifanya tangu awe mjane, akazikuna alasiri huku mate ya saumu yamemkauka, akapika mgebuka wa nazi bila kuonja. Hata kama usingekuwa mfungo asingeonja. Akapika na mgebuka mwingine wa mawese. Vyote akavipakia kwenye makopo kama alivyoona kwa Yunisi, akavifunga kwa uzi. Mweupe ni wa nazi, ni wa Pazi. Mwekundu ni wa mawese, ni wa wenzake.

"Wenzake gani, Bibi?"

"Alio nao huko. Pazi hakuwahi kula peke yake."

Mtaani wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Wanunuzi wa barafu walisimama nje wakanyoosha mkono dirishani. Msichana mmoja aliirudisha barafu yake aliposikia, akasema mama yake hataki iliyoguswa. Chuoni mwenzake mmoja alimuuliza Yunisi mbele ya watu kama ni kweli analala nyumba moja na maiti, na kama maiti anachangia pango. Darasa likacheka. Yunisi akacheka nao, kisha akaenda chooni akakaa huko mpaka kengele ilipolia.

Hofu aliiweza. Njaa ndiyo iliyomshinda. Gunia lilikuwa limelala chini, mikungu imebaki vikonyo, na mtihani ulikuwa bado uko ng'ambo ya Idi. Makopo yake yaliendelea kugeuka barafu. Aliwaza kumwandikia baba yake. Aliwaza gari la Kalinzi na kahawa.

Siku hiyo wodini walimaliza mapema. Akarudi kwa miguu na jua la utosi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na Bi Mwasiti amelala kwenye mkeka chumbani kwake, kanga imemfunika uso. Yunisi hakuvua viatu. Alisikia mfuniko wa friza ukifunguka polepole, ule mlio wake wa kubanduka, kama mdomo mkavu.

Baridi ilitoka kama moshi. Ndani ya moshi huo kulikuwa na mgongo umeinama, na juu ya mgongo kichwa kidogo cha mtoto kikimtazama Yunisi bila kulia. Miguu ilikuwa na maji na mchanga.

Mwanamke aligeuka. Hakukimbia. Mkononi alikuwa na kopo limejaa maji, analishikilia kwa mikono miwili asimwage.

"Amahoro," Yunisi akajikuta amesema, maana ndicho kilichokuja.

Yule naye akaitikia. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, wakaelewana kwa kunong'ona. Jina lake Melania. Alishushwa na meli, akawekwa uwanjani, akatoroka na mtoto usiku wa foleni ya mabasi. Mumewe alimwambia watakutana Ujiji, si pengine. Akipanda basi la kambini, atamkuta wapi? Alijificha kwenye pagala nyuma ya nyumba hii. Mara ya kwanza alikuja kununua barafu ya kumkanda mtoto homa, akaona makopo. Mtoto sasa ameacha homa. Anakula.

"Na maji?" Yunisi akauliza. "Kwa nini unaweka maji?"

Melania alimtazama kama ameulizwa kitu cha aibu.

"Chombo cha watu nirudishe kitupu?" akasema. "Nta co mfise. Sina kitu. Ziwa ndilo ninalo."

Yunisi alitaka kupiga kelele, na kelele ilikuwa karibu. Akipiga, maharage yake yatapona. Asia atafika wa kwanza, mtendaji wa pili, na mwanamke huyu atakuwa ndani ya basi kabla ya magharibi. Na kule chumbani kuna bibi mwenye wanja, atakayeambiwa kwamba Pazi hakurudi. Atafiwa upya, na safari hii mbele za watu.

Akameza. Kisha akafanya alichojua kufanya, akapanga. Akamwonyesha Melania makopo ya uzi mwekundu. Achukue hayo. Ya maharage, yasiyo na uzi, asiyaguse, ni maisha yake. Melania akauliza ya uzi mweupe. Yunisi akakunja pua. Kwao Kalinzi nazi hawaijui, kwake ilinuka kama mafuta ya nywele. Melania naye akanusa akarudisha, akasema ni sabuni.

*

Wakaishi hivyo kwa muda, mzimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Makopo mekundu yaligeuka barafu, maharage yakabaki maharage. Yunisi akasoma tena. Bi Mwasiti akazidi kuchangamka, akifungua friza jioni anacheka peke yake na kulitikisa kopo sikioni.

Yunisi aliona kwamba na meupe yalikuwa yanageuka. Alipolitikisa moja akakuta jiwe la barafu, na mchanga chini. Akajiambia njaa imemzoesha Melania sabuni. Hakuuliza.

Kisha ukaja msako. Watu wa ofisi ya kata na askari waliingia mapagala yote ya Ujiji wakikusanya waliotoroka uwanjani, kwa sababu ya kipindupindu, walisema. Yunisi alirudi akakuta lori limeshaondoka. Kwenye pagala kulikuwa na mafiga matatu yenye moto ndani yake, na kopo la siagi limejaa maji hadi ukingoni, limewekwa kwenye kivuli lisikaukiwe. Alilichukua kwa mikono miwili, akalirudisha kwenye friza asimwage.

Makopo yake mwenyewe ya maharage yalikuwa yamekwisha. Jioni ile alikaa chumbani na njaa yake akasikiliza friza likiguruma. Ndani kulikuwa na mgebuka wa mawese umefungwa uzi mwekundu, wa kuwalisha wafu. Mtihani ulikuwa umekaribia hadi ukasikika mlangoni.

Kesho yake mchana, Bi Mwasiti alipolala, Yunisi akawa Pazi.

Haikuwa kazi ngumu. Anachukua kopo jekundu, anakula, anashuka ziwani na kopo tupu. Maji ya bomba yangetosha kuganda, lakini yasingeacha mchanga, na mjane angejua. Wavuvi walimwona binti mwenye sare ya uuguzi akichota maji kwa kopo la siagi, akipanda nalo mteremko wote kama amebeba yai. Wakasema kusoma sana kunaharibu. Njiani maji yalimdondokea miguuni. Alipoingia ukumbini akageuka nyuma akaziona nyayo zake juu ya saruji, ndogo, zinakauka. Akashtuka kama vile si zake.

Makopo meupe hakuyagusa. Yakaendelea kugeuka. Sasa Melania hakuwepo wa kusingiziwa, kwa hiyo Yunisi akafikiri amelielewa. Bibi amevunja nadhiri yake. Anayala mwenyewe kimyakimya, baada ya futari, akiona haya. Yunisi akafurahi kwa ajili yake, akafumba mdomo.

*

Mtihani ulipita baada ya Idi. Aliufanya ameshiba mawese, na alipotoka hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Akafunga mizigo. Gari la Kalinzi lilikuwa linapakia kituoni Mwandiga, alikuwa na muda wa kuaga tu. Lakini mzigo mmoja ulikataa kufungwa, akaona hawezi kupanda nao.

Akamkuta Bi Mwasiti amekaa kwenye kigoda mbele ya friza. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, friza liko kimya, na maji yalikuwa yanatoka chini yake kwa uzi mwembamba yakielekea mlango wa uani.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuaga. Na kuna jambo nataka nikwambie, unisamehe."

"Marahaba. Usiniambie. Ulikuwa wewe."

Yunisi akatua mzigo wake chini.

"Wewe mwishoni," Bi Mwasiti akaendelea, "na kabla yako yule Mrundi mwenye mtoto. Unafikiri nalala mchana? Mtu wa umri wangu anafumba macho tu. Nilimwona tangu anachukua makande yako. Siku Asia alipoleta habari ya mtendaji, nikaona huyu mama atabebwa na mtoto ana homa. Nikamtupia Pazi. Nani atamwita mtendaji amkamate Pazi?"

Alicheka, meno yake machache yakaonekana yote. Akasema mgebuka wa mawese alikuwa anampikia Mrundi, na Mrundi alipobebwa akaendelea kumpikia mwanafunzi, maana aliona gunia limekuwa kitambaa. Wanja alipaka kwa ajili ya Asia. Uongo ukiuvalisha vizuri watu wanaupisha njia.

Yunisi naye akacheka, machozi ya nafuu yakamtoka. Alitaka kumkumbatia. Bi Mwasiti akainua mkono, bado.

"Sasa na mimi nikuulize, mwanangu, na usinitanie kwa sababu mimi ndiye mtani hapa. Ya uzi mwekundu najua yalikokwenda." Akafungua friza, akatoa kopo moja, akalipakata. "Ya nazi alikuwa anachukua nani?"

"Si wewe, Bibi?"

"Mimi?"

Neno hilo alilisema taratibu. Yunisi akamtazama usoni, akitafuta ile pembe ya mdomo inayotangulia utani wake. Hakuiona.

"Niliyapika ili uongo ukamilike," Bi Mwasiti akasema. "Nilidhani yatakaa humo mpaka Idi, nimpe paka wa Asia."

Akafungua uzi mweupe kwa kucha zake, akatoa mfuniko. Barafu ilikuwa imeanza kulegea. Akatia kidole pembeni, akakipitisha hadi chini, akakitoa kikiwa na mchanga, akauangalia kwenye mwanga wa mlango. Nje Mwandiga ilikuwa inangoja, na gari, na Leonardi.

"Kawahi gari," Bi Mwasiti akasema mwishowe. Aliliweka kopo miguuni, akajifunga kanga kiunoni, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke kijana anayejaribu isisikike nyumba ya pili. "Ila ukipita kwa mwenye duka, mwambie aniletee nazi. Zile kubwa."